Ukikamatwa Mungaa, Angalia Saa Kwanza

Ukikamatwa, usianze kwa kulia wala kwa kuuliza nani amekusema. Angalia saa. Kama huna saa, tazama jua limefika wapi, kisha kariri moyoni: nimewekwa chini ya ulinzi saa ngapi, nikiwa wapi, na nani ameona. Sababu utaipata aya chache mbele.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mungaa, kata yetu ya mkoani Singida, aliyefunguliwa kesi ya jinai. Ni wa mama yake pia, na wa wajomba zake ambao muda huu wanabishana kuhusu mbuzi wa kuuza. Nimeuandika kwa lugha ya mnadani kwa kuwa mnadani hatudanganyiki kirahisi. Mtu wetu atamkagua ng'ombe meno, kwato na macho kwa nusu saa nzima, atamzunguka mara tatu, atamwita mwenzake naye amzunguke, ndipo atoe pesa. Mtu huyo huyo, mtoto wake akiwa mahabusu, humkabidhi mgeni mwenye tai laki tano taslimu bila kumuuliza hata jina la pili.

Tuchukue kesi moja tutembee nayo. Kijana alioa kwa ng'ombe. Mke amerudi kwao, wazee wamekaa vikao vitatu hawakuelewana, na usiku mmoja kijana ameenda kwa baba mkwe, amefungua zizi, ameswaga ng'ombe wawili hadi nyumbani. Kwa akili yake amerudisha mali yake. Asubuhi anaitwa mwizi wa mifugo, na kwa Kanuni ya Adhabu kosa hilo linaweza kumpeleka gerezani hadi miaka 15.

Anafikishwa kituoni. Mbele yake kuna meza, karatasi, na askari anayemuuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Wewe kijana, uliwachukua hukuwachukua?" Kijana ni mkweli. Anajibu, "Niliwachukua, afande." Inaandikwa. Anaweka dole gumba. Wakili atakapofika wiki mbili baadaye, mbuzi wakiwa wameshauzwa, sehemu kubwa ya kesi itakuwa imekwisha kuandikwa kwenye karatasi ile inayoitwa maelezo ya onyo. Neno lililobaki nje ya karatasi ni dogo: "ni wangu". Neno hilo ndilo utetezi wake wote. Sheria yetu inasema aliyechukua mali kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki nayo, bila nia ya kulaghai, hana kosa la jinai kwa kuichukua. Bado ataweza kushindwa madai ya mahari, lakini hayo ni mambo ya vikao na ya mahakama ya madai, hayana pingu.

Ndiyo maana nasema angalia saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa, zikihesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Muda wa safari ya kumpeleka kituoni hauhesabiwi. Afisa anaweza kuongeza muda usiozidi saa nane, na akitaka zaidi ya hapo aombe kwa hakimu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo yanaweza kupingwa, na Mahakama ya Rufani imeyaondoa kwenye kumbukumbu mara nyingi. Lakini wakili atayapinga kwa kutumia nini, kama mteja wake anakumbuka tu kwamba "ilikuwa mchana mchana hivi"?

Katika saa hizo una haki ya kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Iombe kwa adabu na uirudie: "Afande, naomba nimjulishe ndugu yangu na nipate wakili kabla sijatoa maelezo." Jina lako na unakoishi, taja. Mengine huna lazima ya kuyasema, na onyo lenyewe unalosomewa linakuambia hivyo. Ukiamua kueleza, eleza yote pamoja na "ni wangu", kisha omba usomewe kilichoandikwa na urekebishe kilichokosewa kabla ya kugusa wino. Kunyamaza kituoni hapa kwetu huonekana jeuri, na watoto wetu tumewalea wajibu wakiulizwa na mkubwa. Nimelifikiria sana jambo hili. Malezi mema yale yale tunayojivunia ndiyo yanayowafunga vijana wetu, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kwamba mbele ya meza ile ukimya ni haki na si utovu wa nidhamu.

Sasa tuwaendee wajomba. Kikao cha ukoo huwa na wataalamu watatu. Yupo mzee aliyewahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba, naye ana hakika kwamba mahakama zote zinafanana. Yupo kaka aliyesoma uraia kidato cha nne na bado anazo daftari. Na yupo binamu anayefahamiana na askari mmoja, ambaye kila sentensi yake huanza na "hili tulimalize kimyakimya". Wapeni chai wote, wasikilizeni, kisha kazi mkabidhini yule shangazi anayetunza daftari la kikoba. Yeye ana vitu vitatu ambavyo kesi inavihitaji: anaandika tarehe, anatunza risiti, na hatoi pesa ya watu mpaka ajue inakwenda wapi. Simu zote za kesi zipitie kwake. Ukoo wenye wasemaji saba humpa wakili hadithi saba, na kila hadithi ina ng'ombe wa rangi yake.

Nje ya mahakama nyingi nchini kuna mti, na chini ya mti kuna kishoka. Anajua jina la karani, ana mafaili kwapani, na atamwita mama mtu "mama yangu" kabla hajamaliza kushuka kwenye pikipiki. Nimemwona kazini. Hazungumzii ushahidi hata mara moja. Anazungumzia watu: fulani ni wangu, fulani tulisoma naye, fulani "nitamwona". Msimpe hata senti. Anayewaambia atamalizana na hakimu, au anajitajirisha kwa jina la hakimu ambaye hamjui, au anawaingiza kwenye kosa la rushwa juu ya lile mlilonalo. Namba ya TAKUKURU ni 113, na haina malipo.

Wakili wa kweli anakaguliwa kama ng'ombe, na meno yake yanaonekana. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria, lakini si lazima awe wakili. Wakili amepita mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ameapishwa, jina lake limo katika Roli ya Mawakili, na leseni yake anaihuisha kila mwaka. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili ambapo mtu yeyote anaweza kuandika jina na kuona kama mhusika yupo na kama leseni yake iko hai. Mpeni simu mjukuu, ataangalia kwa dakika mbili. Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichopo tangu 1954, nacho kinaweza kuulizwa. Wakili wa kweli hachukii kuulizwa. Anayechukia, mwacheni aende na hasira zake.

Akishaonekana ni wakili, muulizeni maswali ya kazi. Umewahi kusimamia kesi za jinai, au wewe ni wa mirathi na hati za viwanja? Utakuja mwenyewe, au utamtuma mwenzako "ashike faili" kila tarehe? Katika kesi hii, jambo gani linakutia wasiwasi? Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko yote. Anayejua kazi atawaambia lilipo shimo: kijana aliswaga usiku, hakumwambia mtu, na maelezo yana dole gumba. Anayesema "hii ni ndogo, tunashinda" hajasoma hati ya mashitaka. Hakuna wakili mwenye haki ya kuahidi ushindi, kama ambavyo hakuna mkulima wa alizeti wa Singida anayeahidi mvua.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa sababu ndipo familia huumia zaidi. Ulizeni gharama inafika wapi: hadi hukumu, au hadi atakapochoka? Nauli ya kutoka mjini Singida hadi Ikungi imo? Rufaa imo? Kesi ikiahirishwa mara kumi kwa kuwa upelelezi haujakamilika, kila tarehe inalipiwa? Makubaliano yaandikwe, pawe na sahihi mbili, na kila malipo yawe na risiti. Lipeni kwa awamu kama mnavyoweza, mseme mapema mnachoweza. Msiuze shamba katika wiki ya kwanza ya hofu. Wiki hiyo wanunuzi wa shamba huja wenyewe bila kuitwa, na bei wanayo mfukoni. Na dhamana msiinunue kwa mtu yeyote. Dhamana haina bei, inataka wadhamini, barua za mtendaji na vitambulisho vyao. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, na katika hayo hakuna wakili, awe hodari vipi, atakayemleta kijana nyumbani kesho yake. Anayeahidi hivyo mrudisheni chini ya mti wake.

Mjue pia mnaelekea mahakama gani. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalimfungulia mlango pale anapoketi hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya mahakama, jambo ambalo watu wa mjini walilichukua kama habari ya siku moja. Kwetu lina uzito. Miaka ya 1940 watu wa Singida walipandishwa kizimbani, wengine wakanyongwa, kwa mauaji yaliyoitwa ya watu-simba, mbele ya utawala uliokuwa ukiandika kwa lugha ya ng'ambo. Na bado wapo bibi na babu zetu ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, mambo mazito huyasema kwa Kinyaturu. Mshitakiwa asiyeelewa lugha inayotumika ana haki ya mkalimani. Mwambieni wakili mapema, aombe. Mzee anayetikisa kichwa kwa heshima asije akaandikwa kuwa amekubali.

Hapo ndipo penye mtego wa "ni kweli". Siku ya kusomewa shitaka hakimu atauliza kama ni kweli au si kweli. Kijana wetu, kwa ule ukweli wake, atataka kusema, "Ni kweli niliwachukua, lakini ni wangu." Jibu la namna hiyo halipaswi kuandikwa kuwa ni kukiri kosa, lakini kwenye chumba chenye kelele na watu arobaini, "lakini" huweza kupotea. Aliyekiri kwa ufasaha hana tena nafasi ya kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Kilichobaki kwake ni kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Kwa hiyo wakili, kama ana dakika tano tu na wewe kabla ya kuingia, azitumie kukueleza hati ya mashitaka inasema nini hasa na neno "wizi" lina maana gani kisheria. Wizi ni kuchukua kwa nia ya kulaghai. Kama hiyo nia hukuwa nayo, jibu lako la kweli ni "si kweli".

Nimelizungukia jambo moja muda wote, sasa nilitaje. Mungaa si mahali pasipojua mawakili. Katika kijiji cha Mahambe, kata hii hii, alizaliwa Tundu Lissu mwaka 1968, aliyekuja kuwa mbunge wa Singida Mashariki kuanzia 2010 hadi 2019 na Rais wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika mwaka 2017. Aprili 2025 alikamatwa Mbinga, akafikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, na kusomewa shitaka la uhaini. Kesi yenyewe ina mahakama yake. Mimi nachukua jambo moja tu lililotokea ndani yake. Alikuwa na jopo la mawakili. Tarehe 16 Juni 2025 aliiambia mahakama kwamba angejitetea mwenyewe, na sababu aliyoitoa ni kwamba mawakili wake walikuwa wamenyimwa nafasi ya kuzungumza naye faragha gerezani.

Fikiria hilo kwa makini, wewe unayetafuta wakili kwa kuangalia sauti, kimo na suti. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miongo, aliyezungukwa na mawakili wazoefu, aliona kwamba bila mazungumzo ya faragha hana wakili kabisa. Hotuba ya mahakamani wote tunaiona, ndiyo inayotupendeza, na vijana hurudi nayo kijijini wakiiigiza. Lakini kesi hujengwa kwenye benchi la mahabusu, watu wawili wakinong'ona, mmoja akisema yale ambayo hajamwambia hata mke wake. Wakili analindwa na sheria asiyatoe hayo nje. Kwa hiyo kipimo changu cha mwisho cha wakili ni hiki: aliwahi kuwatoa nje wajomba? Alipofika, alisema "naomba nibaki na mteja wangu", au alianza kuzungumza kesi mbele ya ukoo mzima, na mlalamikaji ana shemeji pale? Anayekuja mara moja kuchukua pesa na asirudi kumwona mshitakiwa mpaka siku ya ushahidi, mbadilisheni mapema. Mnaruhusiwa. Ombeni faili lenu, malizaneni kwa kazi aliyoifanya, na kama amewaibia, Kamati ya Mawakili hupokea malalamiko.

Nawe mshitakiwa, timiza sehemu yako ya faragha hiyo. Kama siku ya tukio hukuwepo, useme siku ya kwanza, kwa kuwa sheria inataka upande wa mashitaka upewe taarifa ya utetezi huo mapema. Shahidi anayeibuka mwishoni kusema mlikuwa naye msibani hupewa uzito mdogo. Kama ulipigwa ili utie dole gumba, sema ulipigwa wapi, nani alikuona ukichechemea, na kama ulitibiwa hospitali ya Makiungu au kwingine, taja tarehe. Wakili lazima asimame kupinga maelezo yale kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo, ndipo mahakama ifanye uchunguzi wa kesi ndani ya kesi. Akikaa kimya siku hiyo, kulia baadaye kwenye rufaa husikika kwa shida sana. Na usimwombe akutafutie mashahidi wa kukariri. Hakimu aliyesikiliza watu miaka kumi anamtambua aliyekaririshwa kabla hajamaliza kuapa.

Wasio na mbuzi wa kuuza, na ni wengi, wasikate tamaa mapema. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Anayeshitakiwa na hana uwezo, hakimu au jaji akiona haki inadai apate mtetezi, anaweza kuelekeza apatiwe. Katika kesi za mauaji Mahakama Kuu, mshitakiwa asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama ya serikali. Wakili wa namna hiyo ni wakili kamili, mwiteni, mumweleze kila kitu, msimdharau kwa kuwa hamkumlipa. Wapo pia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao huduma yao haina malipo. Hawasimami mahakamani kukutetea, lakini watakuandikia, watakueleza hatua, watakuelekeza aliko wakili. Nimekuta watu wakiwapita wasaidizi hawa mlangoni, wakienda kumlipa kishoka kwa kazi ile ile. Inaniuma kila ninapoiona.

Ikitokea mmeshindwa, hesabuni siku. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hautiwi katika hesabu hiyo. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Aliye gerezani hukata rufaa kupitia mkuu wa gereza. Shangazi mwenye daftari aandike tarehe ya hukumu kwa kalamu nyekundu siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaanza kupeana pole.

Lakini hatujafika huko. Tuko bado kwenye benchi, wiki ya kwanza. Wakili ameonekana kwenye e-Wakili, makubaliano yana sahihi mbili, wajomba wako nje wananung'unika kwamba wametolewa. Anafungua daftari, anamuuliza kijana alikamatwa saa ngapi, na kijana anajibu bila kusita: saa moja na nusu asubuhi, kisimani, mbele ya mama fulani na watoto wawili. Wakili anaandika. Kisha anaweka kalamu chini na kumuuliza kuhusu ng'ombe wale wawili. Kijana anavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe anaanza hadithi pale inapoanzia, siku ya kutoa mahari.